Tulinunua Mitungi, Hatukununua Maji

Hotuba kwa akina mama wa soko, wahudumu wa afya ya jamii na wakaazi, Kisumu

Mheshimiwa mwakilishi wadi, mzee chifu, wachungaji na maimamu mliofika, akina mama wa soko mlioachia majirani meza zenu ili mje hapa, wahudumu wetu wa afya ya jamii, vijana wa bodaboda, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie jinsi serikali za kaunti katika kanda hii ya ziwa zilivyopambana na korona, na jinsi tulivyoinuka baadaye, kama kweli tumeinuka. Nilikuwa afisa wa afya ya umma kwa miaka mingi katika mojawapo ya kaunti zetu. Sitaitaja. Baadhi ya nitakayoyasema ni makosa, nami nilikuwamo ndani yake, na sikuja hapa kumtupia mtu lawama ambazo sehemu yake ni zangu.

Wengi wetu tukikumbuka korona tunakumbuka runinga. Tarehe 13 Machi 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini, na kuanzia hapo kila alasiri tulikaa kusikiliza hesabu: waliopimwa, walioambukizwa, waliofariki. Tukaamini kwamba vita viko Nairobi na sisi huku ni watazamaji. Lakini chukueni Katiba ya 2010, mfungue Jedwali la Nne, msome kazi za kaunti. Mtakuta vituo vya afya, ambulensi, masoko, na makaburi na nyumba za kuhifadhia maiti. Sasa fikirini korona ilitukuta wapi. Ilitukuta sokoni, ikatupandisha ambulensi, ikatulaza wodini, na waliozidiwa ikawashusha kaburini. Njia hiyo yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, iko mikononi mwa kaunti. Amri zilitoka Nairobi, ndiyo, lakini kazi ilikuwa ya kaunti, na kaunti ni mimi niliyekuwa na kitambulisho cha kazi shingoni, na ni nyinyi mnaolipa ushuru wa soko kila asubuhi.

Naanza na soko, kwa kuwa ndilo ninalolijua zaidi.

Kafyu ya kwanza ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa mwenye mshahara, hiyo ilimaanisha kulala mapema. Lakini mnawajua akina mama wanaokaanga samaki pale Kondele na kwenye stendi zote za mji huu. Moto huwashwa saa kumi. Mteja ni fundi au kibarua anayeshuka matatu saa kumi na mbili na nusu akiwa amechoka, anataka kipande cha mbuta au ngege na sukuma iliyokwisha kukatwa, afike nyumbani asonge ugali tu. Biashara yote ya siku iko kati ya saa kumi na mbili na saa tatu usiku. Kafyu ya saa moja ilimwachia mama yule saa moja tu ya kuuza.

Jioni moja ya Aprili nilikuwa nikizunguka na askari wa kaunti kuhimiza watu wafunge. Nikamkuta mama mmoja amechutama mbele ya jiko, robo saa kabla ya kafyu. Alikuwa akitoa makaa kwa koleo, moja moja, anayachovya kwenye kopo la maji, anayapanga juu ya gunia yakauke ayawashe tena kesho. Samaki walikuwa bado wamejaa kwenye karai. Hakubishana nasi. Alinihesabia tu wale samaki, mmoja mmoja kwa kidole, kisha akaniuliza kama kuna saa nyingine ya jioni ambayo serikali ingemruhusu awauze. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na karatasi yenye amri, na kwenye karatasi ile hapakuwa na mahali pa kuandika samaki wake.

Nasema hivi nikijua kwamba kafyu ilikuwa na sababu zake. Lakini kaunti ilikuwa na uwezo wa kufanya jambo ambalo halikuhitaji ruhusa ya Nairobi: kuwaita akina mama hawa, kusikiliza saa zao za kazi, kuwatafutia nafasi ya kuuza mchana karibu na mitaa wanakoishi wateja wao, kuwasamehe ushuru kwa miezi ile. Sisi tuliwafuata na filimbi. Kulipokuja kuwa na mazungumzo, vyama vingi vyao vya akiba vilikuwa vimeshavunjwa na pesa kugawanywa, na mtu akishakula mtaji huwezi kumwambia inuka kwa sababu kafyu imeondolewa.

Na maji je? Mnaikumbuka ile mitungi kwenye malango ya masoko. Ilikuja kwa wingi. Mingine ilinunuliwa na kaunti, mingine ilitolewa na wahisani, mingine na wanasiasa, majina yao yamechorwa ubavuni kwa rangi nzito. Siku ya kwanza tulipiga picha. Siku ya pili, kufikia saa nne asubuhi, mitungi ilikuwa mitupu. Nikauliza ni nani anayejaza. Ofisi ya afya ikasema ni kazi ya ofisi ya soko. Ofisi ya soko ikasema mitungi ni ya afya. Nikatafuta kwenye bajeti ya dharura: mitungi ipo, sabuni ipo, vitakasa mikono vipo, barakoa zipo. Maji hayapo. Tulinunua mitungi, hatukununua maji.

Waliotuokoa ni kamati ya soko. Walikaa chini ya mwembe, wakakubaliana kila meza itoe kidogo kila siku, wakamlipa kijana mmoja mwenye mkokoteni alete maji alfajiri na tena saa sita. Koki ilipovunjika, fundi wa baiskeli aliyekuwa pale langoni aliifunga kwa kipande cha tyubu. Soko lile lilinawa mikono kwa miezi mingi kwa pesa za wauza nyanya. Nilipoandika ripoti, niliandika kwamba kaunti imeweka vituo vya kunawia mikono katika soko. Ilikuwa kweli, lakini ilikuwa kweli iliyomwacha nje mtu aliyefanya kazi. Leo nawataja mbele yenu kwa sababu sikuwataja siku ile.

Ndugu zangu, sehemu ya pili ni nzito, naomba mnivumilie. Ni kuhusu kuzika.

Mnajua mwaka huo wa 2020, mwezi wa Aprili, kule Siaya mtu alizikwa usiku wa manane, bila jeneza, na watu waliovaa mavazi meupe ya kujikinga. Nchi nzima iliona picha. Kwetu sisi, mwili huletwa nyumbani, ukalala japo usiku mmoja bomani mwake, watu wakaja kutoka Mombasa na Nairobi, wakalia, wakala, wakasimulia. Kuzika ni namna ya kusema kwamba mtu huyu alikuwa wa watu. Usiku ule wa Siaya uliwaambia watu kwamba ukipatikana na korona, utazikwa kama mtu asiye na wenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo mwezi Machi 2020, kabla ya usiku ule. Mwongozo ulisema hakuna haja ya kuharakisha kuzika, na kwamba heshima ya marehemu na mila za jamaa zake zilindwe. Mwongozo ulikuwepo. Hofu yetu ndiyo iliyousoma vibaya.

Na mimi nilifanya yangu. Nilisimamia mazishi ya kijana mmoja kijijini. Mama yake alitaka kufika karibu na jeneza, nami nikanyoosha mkono kumzuia. Sikumweleza lolote. Nilikuwa nimevaa barakoa na miwani, hata uso wangu hakuuona. Alisimama kwenye ua wa mboga, akashika mti wa papai kwa mikono miwili, na akabaki pale mpaka tulipoondoa gari.

Wiki mbili baadaye mhudumu wa afya wa kijiji kile alikuja ofisini kwangu. Alikuwa na daftari lake, lile analoandikia hali za kaya, akanifungulia kurasa. Kabla ya mazishi yale, kila wiki alikuwa na alama kwenye nyumba kadhaa: kikohozi, homa, kukosa pumzi. Baada ya mazishi, safu ya kikohozi ilikuwa tupu. Nyumba zote safi. Akaniambia hakuna aliyepona pale, isipokuwa kwamba watu wamenyamaza.

Tuna methali tunayopenda kuwasomea wagonjwa: mficha maradhi kifo humuumbua. Niliisema mwenyewe kwenye mikutano ya hadhara, nikiwa na kipaza sauti. Daftari lile lilinifundisha kuuliza swali ambalo methali haiulizi: anamficha nani? Alikuwa ananificha mimi. Alikuwa anaficha maradhi ili mama yake asiachwe ameshika papai.

Tulibadilika, na naomba hili lihesabiwe pia, kwa sababu kaunti zetu zilijifunza mambo. Tukaanza kumpigia simu mkubwa wa boma jioni kabla ya mazishi. Mhudumu wa kijiji akatangulia mbele yetu, bila mavazi yale meupe, akaeleza kitakachotokea. Jeneza likaruhusiwa kupumzika mbele ya mlango wa nyumba, mchungaji akaomba, jamaa wakasimama kwa nafasi wakaaga. Mambo madogo. Na polepole alama za kikohozi zikarudi kwenye daftari. Sijawahi kufurahi hivyo kuona wagonjwa wameandikwa.

Tulihitaji imani hiyo mwaka uliofuata kuliko tulivyojua. Mei 2021 aina ya korona iitwayo Delta iligunduliwa hapa Kisumu. Tarehe 1 Juni tulikuwa na sherehe za Madaraka kwenye uwanja mpya wa Mamboleo, na tarehe 17 mwezi huo huo kaunti 13 za kanda hii zikawekewa masharti yake peke yake: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Kericho, Bomet, Busia, Bungoma, Kakamega, Vihiga na Trans Nzoia. Kafyu ikarudi saa moja jioni kwetu, wenzetu kwingine wakibaki na saa nne usiku. Masoko ya mifugo na yale yasiyo ya vyakula yakasimamishwa kwa siku 30. Kuzika ndani ya saa 72, waombolezaji wasizidi 50.

Nani alibeba uzito wa miezi ile? Madaktari na wauguzi wa hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita bado Russia, na wa hospitali za kaunti zote, walifanya kazi mpaka miili ikakataa. Lakini mwaka mmoja kabla, serikali ilikuwa imeagiza kila kaunti iandae vitanda 300 vya kutengea wagonjwa, na kila mmoja akakimbilia kuhesabu vitanda. Delta haikuuliza vitanda. Iliuliza oksijeni, na mtu anayejua kuifungulia, na mtu wa kutambua mapema huko kijijini kwamba huyu anapumua vibaya, asikae kusubiri. Kitanda ni rahisi kukipiga picha.

Huyo mtu wa kijijini ni mhudumu wa afya ya jamii. Mmoja kwa takriban kaya 100. Tangu Juni 2020, wagonjwa wasio na dalili kali waliporuhusiwa kutunzwa nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa wodi. Alipita mlangoni, akasimama mbali, akauliza, akaandika. Wengi wao wakati huo walikuwa wa kujitolea kwa maana halisi ya neno hilo. Katika kaunti niliyotumikia, posho yao ilichelewa miezi na miezi, na barakoa walizopewa zilikuwa chache hivi kwamba wengine walizifua na kuzianika pamoja na nguo za watoto.

Na chanjo ilipofika, tarehe 3 Machi 2021, dozi milioni moja na kidogo kwa nchi nzima, ni wao tena. Uvumi mliusikia wenyewe: inaondoa uzazi, ina kitu ndani, imeletwa kutujaribia. Gari lenye vipaza sauti lilipita, watu wakalitazama likipita. Lakini kanda hii ilikuwa na jambo ambalo sehemu nyingine za nchi hazikuwa nalo. Tangu Septemba 2019 watoto wetu walikuwa wakipewa chanjo ya malaria, RTS,S, iliyozinduliwa kule Homa Bay, na waliowashika akina mama mkono kuwapeleka kliniki ni wahudumu hawa hawa. Mama ambaye mtoto wake alichanjwa malaria akaendelea kucheza, alimsikiliza mhudumu aliyempeleka. Vipaza sauti hakuvijua, mhudumu alimjua.

Sasa tuje kwenye kuinuka. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Desemba mwaka huo treni ya abiria ikarudi Kisumu baada ya miaka mingi. Mei 2022 mji wetu ukapokea kongamano la miji ya Afrika, Africities, wageni kutoka bara zima. Mimi nilifurahi, sikatai, nilisimama kando ya barabara na wajukuu zangu kuona magari yakipita. Kaunti kupitia Baraza la Magavana zikawa na mkakati wa kufufua uchumi baada ya korona, wa kuanzia mwaka wa fedha 2020/21 hadi 2022/23. Kazi Mtaani, mpango wa serikali ya kitaifa, iliwapa vijana wa mitaa kama Manyatta na Nyalenda kazi ya kuzibua mitaro. Katika awamu ya pili ilikuwa shilingi 455 kwa siku, na nyumba nyingi zilikula kwa hizo.

Lakini nikitaka kujua kama tumepona, siendi kutazama reli. Naenda langoni mwa soko. Nimepita masoko matano mwezi huu, kabla ya kuja hapa. Kwenye matatu, mitungi ya korona haipo kabisa. Kwenye moja, mtungi upo ndani ya duka, umejaa mahindi, jina la mwanasiasa limeanza kubanduka. Kwenye moja tu nimekuta koki inayotoa maji, na yenye sabuni iliyofungwa kwa kamba. Kipindupindu nacho hakijaacha kutembelea mwambao huu. Mkono usionawa hauulizi ni ugonjwa gani wa mwaka huu.

Wahudumu wamepata nafuu, na ni haki kusema. Septemba 2023 nchi ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wenye mikoba ya vifaa, kipima presha ndani, simu mkononi badala ya daftari, na posho inayochangiwa na serikali ya kitaifa na kaunti. Hiyo ni hatua kubwa. Ila posho ya kuchangiana ina ugonjwa wake: mmoja akichelewa, mwingine anamngojea, na aliye katikati ni mama anayetembea juani.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura, yenye kikomo chake. Ni vizuri iwepo. Lakini kumbukeni 2020. Mwezi ule ule tuliokuwa tukizoea barakoa, ziwa lilipanda kuliko lilivyowahi kupimwa, Mto Nyando ukafurika, familia zikahamia mashuleni na makanisani. Tuliwaambia watu wakae mbalimbali, nao wamelala darasa moja familia sita. Dharura mbili, mfuko mmoja. Mfuko wa dharura kwetu huku utakuwa umeshaliwa na mafuriko kabla ugonjwa haujabisha hodi.

Kwa hiyo maji ya soko yasiwe dharura. Mhudumu asiwe dharura. Dharura ni kitu usichokitarajia, na sisi tunajua kabisa kwamba mtu atakuja sokoni kesho akiwa na mikono. Viwekwe kwenye bajeti ya kawaida, vikiwa na mstari wake: bili ya maji ya soko, mwaka mzima, kutoka kwenye ushuru unaokusanywa hapo hapo sokoni. Fundi wa koki, jina lake na simu yake ziandikwe ukutani. Posho ya mhudumu sehemu ya kaunti ilipwe mwisho wa mwezi, pamoja na mishahara, bila kungojea upande wa pili.

Mheshimiwa, wewe utakuwa bungeni. Sheria inataka makadirio ya bajeti yafikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Katikati hapo ndipo wananchi huitwa kutoa maoni. Mimi nimehudhuria vikao hivyo nikiwa upande wa meza ya maafisa, na nitawaambieni tulichokuwa tukikiona: ukumbi una viti 200, wamekuja watu 30, na kati yao wengi wanaomba barabara. Barabara ni haki. Lakini sikumbuki hata mara moja mtu amesimama akaomba bili ya maji ya soko. Tungeandika nini?

Mwaka huu nitakaa upande wenu. Akina mama, nimekuja na daftari, lile la karatasi. Kila soko linipe mtu mmoja, aniandikie hapa kabla hamjatoka: malango ni mangapi, koki ni ngapi, ngapi zinatoa maji, na nani anayelipa. Wahudumu, nanyi mniandikie mwezi wa mwisho mliopokea posho ya kaunti. Kalamu iko hapa mezani. Mama wa soko la Kibuye, naona umeshasimama, njoo uanze wewe.